Kutundika skrini ya projekta uliyojitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya nimeyajibu nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika fremu ya mtu na mwingine pima maji. Karibu kila anayeuliza huanza na kitambaa: kipi cheupe zaidi, kipi kinang'arisha picha. Kitambaa kina sehemu yake, ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Skrini hupendeza kwa sababu uso wake umenyooka, kona zake ni mraba, na imekaa pale hasa picha ya projekta inapoangukia. Ukiyapata hayo matatu, hata kitambaa cha kawaida hakitakuangusha.

Nianzie wapi: mbao, kitambaa au ukuta?

Anzia kwenye projekta. Iweke pale itakapokaa siku zote, hata kama kwa sasa ni juu ya rafu ya muda, zima taa na urushe picha kwenye ukuta mtupu. Bandika vipande vya tepu ya karatasi kwenye kona nne za picha, kisha tazama hivyo hivyo siku mbili tatu kabla ya kukata hata ubao mmoja. Utagundua mambo ambayo futi kamba haikuambii: shingo inachoka, kila anayetoka chumbani anakatiza mwanga, mlango ukifunguliwa unagonga kona ya picha.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Kila projekta ina uwiano wake kati ya umbali na upana wa picha. Uwiano ukiwa 1.5 na wewe unataka picha ya upana wa mita 2.21, lenzi lazima iwe mita 3.3 hivi kutoka kwenye skrini. Ikiwa na zumu utapata nafasi ya kusogea kidogo, ikiwa haina, huna ujanja. Tena projekta nyingi za nyumbani hazirushi picha mbele ya lenzi moja kwa moja. Zikiwa mezani, picha hupanda juu ya usawa wa lenzi. Zikining'inizwa darini kichwa chini, picha hushuka. Kwa hiyo kimo cha skrini kutoka sakafuni hukiamui peke yako.

Inchi 100 au 120?

Inchi hizo hupimwa kona kwa kona. Kwa picha ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9), inchi 100 ni upana wa sentimita 221 na kimo cha 125. Inchi 120 ni 266 kwa 149. Kwa saizi nyingine yoyote, zidisha ulalo (kile kipimo cha kona kwa kona, kikiwa katika sentimita) kwa 0.872 upate upana, na kwa 0.49 upate kimo.

Watu hukimbilia kubwa, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini kutoka 100 kwenda 120 eneo linaongezeka kwa asilimia 44, na mwanga ni ule ule. Ukitaka hesabu, gawa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) kwa 3.14, kisha gawa tena kwa eneo la skrini katika mita za mraba. Lumeni 1,000 zinazofika kweli kwenye skrini ya inchi 100, ambayo ni mita za mraba 2.76, zinatoa niti 115 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini). Kumbi za sinema hulenga niti 48 gizani, kwa hiyo hapo una akiba. Tatizo liko kwenye hilo neno "kweli". Lumeni zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za hali ya mwanga mkali kabisa, ile inayofanya nyuso za watu zionekane za kijani. Ukihamia hali ya filamu, sehemu kubwa ya mwanga huo inayeyuka.

Kwa kukaa, skrini ya upana wa sentimita 221 hutazamika vizuri kutoka mita 3 (picha inajaza digrii 40 za macho yako) hadi mita 4.1 (digrii 30). Ukiwa karibu zaidi ya mita 3 utakuwa unageuza kichwa kama mtazamaji wa mchezo wa tenisi.

Kwa nini nisipake tu rangi ukutani?

Paka, kama ukuta wako ni laini. Mulika tochi ikiwa imelala sambamba na ukuta: kila bonde na kila alama ya mwiko wa fundi itajitokeza na kivuli chake, na projekta itaiona pia. Ukuta ukipita mtihani huo, upige msasa laini, kisha tabaka mbili za rangi nyeupe isiyong'aa kabisa, kwa rola ya manyoya mafupi. Rangi inayong'aa hata kidogo itakuachia doa la mwanga katikati ya picha.

Nilianza na ukuta wa rangi na nilikaa nao mwaka mzima bila manung'uniko. Kilichonihamisha ni kwamba ukuta hausogei, na projekta niliyopata baadaye ilitaka picha ikae sentimita 20 chini zaidi.

Kitambaa gani basi?

Chaguo la wengi ni kitambaa kizito cheupe cha kuzuia mwanga, kile kinachowekwa nyuma ya mapazia. Hakipitishi mwanga, hakivutiki kupita kiasi na hukaa kimya kwenye fremu. Kabla ya kununua, simama nyuma yake na mtu amulike tochi upande wa mbele: ukiona duara la mwanga, kila mwanga unaopita hapo ni mwanga unaopotea. Mara nyingi kina upande wa nyuzi na upande wenye utando kama mpira. Usiniulize upi uwe mbele. Kata kipande, kikunje nusu kwa nusu pande zote mbili zionekane, rushia picha ya uso wa mtu, uchague kwa macho yako.

Kitambaa cha spandeksi kina faida moja kubwa: kinavutika kila upande, hivyo mikunjo inakuwa shida ndogo sana. Hasara yake ni kupitisha mwanga, kwa hiyo weka tabaka nyeusi nyuma ya ile nyeupe. Plastiki ya PVC nyeupe isiyong'aa nayo ni nzuri na inafutika, ila ikikunjwa dukani alama ya mkunjo inaweza isitoke kamwe. Idai ikiwa imeviringishwa.

Shuka? Kwa usiku mmoja, sawa.

Nyeupe au kijivu?

Nyeupe, kama unaweza kuzima taa. Kijivu hafifu hufanya weusi wa picha ukolee zaidi na huonekana kuleta kina, lakini hufifisha na weupe vile vile. Kinasaidia kwenye chumba chenye kuta na dari nyeupe, ambako mwanga wa skrini hugonga pande zote na kurudi kufifisha picha. Ila katika chumba hicho ningepaka kwanza rangi iliyokolea mita moja na nusu ya dari na kuta zilizo karibu na skrini. Tofauti yake huonekana usiku huo huo.

Fremu niitengeneze vipi ili isipinde?

Tumia mbao zilizokauka, upana wa sentimita 7.5 na unene wa 2.5. Dukani, inua kila ubao, weka ncha moja jichoni na utazame hadi ncha ya pili kama mtu anayelenga shabaha. Uliojipinda au kujisokota uache hapo hapo, maana hakuna skrubu itakayounyoosha.

Kwa picha ya 221 kwa 125, na mpaka mweusi wa sentimita 8 kila upande, fremu kwa nje iwe 237 kwa 141. Nimechagua 8 kwa makusudi: ubao wa 7.5 unajificha wote nyuma ya mpaka, kwa hiyo ukingo wake wa ndani hauchori mstari kwenye picha. Katikati weka mhimili mmoja wa wima ili mbao ndefu zisivutwe kwa ndani, lakini urudishe nyuma angalau sentimita moja usiguse kitambaa. Ukigusa, utauona kila kamera inapopita polepole juu ya anga.

Sasa mraba. Pande kulingana hakutoshi, kwa sababu hata fremu iliyolala upande ina pande zinazolingana. Pima kona kwa kona mara mbili. Kwa vipimo hivi ulalo wote miwili uwe sentimita 276. Ukitofautiana kwa milimita 2 au 3, endelea na kazi. Ukizidi hapo, sukuma kona ndefu kwa ndani hadi vipimo vilingane, ndipo ukaze vyuma vya kona. Fremu yangu ya kwanza nilipima pande tu. Ulalo ulikuwa umepishana sentimita 2, na nilijua siku ya kuwasha projekta, kona moja ya picha ilipobaki ukutani na kona ya jirani yake ikiacha pembetatu tupu.

Niitengenezee wapi?

Ndani ya chumba kitakamokaa! Hili silisemi kwa kusoma. Fremu yangu ya pili niliiunganisha uani kwa gundi na skrubu, mraba kabisa, nikaipamba kitambaa, nikaibeba na jamaa yangu hadi kwenye kona ya ngazi. Tuliiinamisha, tukaisimamisha, tukaipitisha juu ya vichwa, ngazi zikakataa. Tuliikata katikati saa nne usiku. Mpaka leo ina mabamba mawili ya chuma mgongoni kama bandeji.

Kama lazima uitengenezee nje, usitie gundi. Funga kwa boliti, uifungue, uipandishe vipande vipande.

Kitambaa nakivutaje bila mawimbi?

Kianike siku nzima kwanza kinyooke kwa uzito wake. Laza fremu kifudifudi juu ya kitambaa, sakafu ikiwa safi (fagia mara mbili, punje moja ya mchanga huacha tundu). Acha sentimita 10 za ziada kila upande.

Makosa huanzia hapa: mtu anaanza kwenye kona na kuzunguka fremu kama anayeshona pindo. Akifika kona ya mwisho kitambaa chote cha ziada kimekusanyika hapo na hakuna pa kukipeleka. Wewe anza katikati. Pini moja ya stepla katikati ya ubao wa juu, kisha nenda chini, vuta, pini moja katikati. Kushoto, vuta, moja. Kulia, vuta, moja. Sasa una msalaba. Ongeza pini mbili mbili kila upande wa ile ya kwanza, ukibadilisha pande zinazotazamana kila mara, ukisonga kuelekea kona, pini zikipishana sentimita 5. Vuta kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. Vidole huacha vijisehemu vilivyobana na vilivyolegea, navyo ndivyo vinavyozaa mawimbi. Ukipiga kwa kidole kitambaa kikalia kama ngoma ndogo, inatosha. Ukiongeza nguvu zaidi ya hapo mbao ndefu zitaanza kuinama.

Kona ziache za mwisho. Kunja kama bahasha, punguza kitambaa cha ziada kwa mkasi, piga pini tatu. Ukiona wimbi limebaki, usivute hapo hapo lilipo. Fuata mwelekeo wake hadi ukingoni, ng'oa pini mbili tatu za upande huo, vuta upya.

Mpaka mweusi ni pambo tu?

Hapana. Unameza mwanga unaomwagika nje ya picha, na jicho likiona weusi kando, picha yenyewe huonekana imekolea zaidi. Mahameli nyeusi ndiyo bora kwa sababu manyoya yake hayarudishi mwanga. Rangi nyeusi ya kawaida, hata isiyong'aa, huonyesha kijivu ikimulikwa na projekta. Mpaka huu pia husamehe: picha ikipitiliza kwa sentimita moja, hakuna atakayejua.

Naitundika kwa kutumia nini? Misumari miwili haitoshi?

Misumari miwili itaishikilia, lakini haitaituliza. Itainama kila mtu anapoigusa, na ukitaka kuisogeza sentimita 3 kushoto utatoboa ukuta upya.

Ninayoipenda ni reli ya mbao. Chukua ubao wa upana wa sentimita 10, mrefu kama theluthi mbili za fremu, uupasue kwa urefu wake huku msumeno umelala digrii 45. Utapata vipande viwili, kila kimoja kina ukingo mmoja wa mshazari wenye ncha kali. Kipande cha kwanza kifungwe ukutani, ncha kali ikitazama juu na ikiwa upande wa mbali na ukuta, ili kati ya mshazari na ukuta ubaki mfereji. Cha pili kifungwe nyuma ya ubao wa juu wa fremu, ncha ikitazama chini. Inua fremu, ishushe, ncha inazama kwenye mfereji, na uzito wenyewe unaivutia ukutani. Kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyoshika.

Uzuri wake utauona baadaye. Skrini ikishakaa, unaweza kuitelezesha kushoto au kulia hadi ilingane na picha bila kugusa drili. Mambo mawili tu usiyasahau. Acha nafasi ya sentimita 5 au 6 juu ya fremu, kwa sababu lazima uinue kabla ya kushusha. Ukiibana na dari haitaingia. Na weka kijiti chenye unene sawa na reli nyuma ya ubao wa chini, la sivyo chini ya skrini itaingia ndani kuelekea ukutani na picha itakuwa pana upande mmoja.

Ukuta ukiwa wa tofali au zege, toboa kwa keekee ya kugonga na biti ya ukuta, tia plagi za plastiki za milimita 8, skrubu kila baada ya sentimita 40 hivi. Hakikisha skrubu inafika ndani ya tofali, isiishie kwenye plasta. Vumbi likitoka jeupe au kijivu kisha likabadilika kuwa jekundu, umeshafika kwenye tofali la udongo. Tafadhali tazama swichi na soketi zilipo: nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe kwenye mstari huo.

Ukuta wangu ni wa jipsam bodi.

Bodi yenyewe usiiamini. Tafuta nguzo zilizo nyuma yake, mara nyingi zimepishana sentimita 40 au 60. Kama huna kifaa cha kuzitafutia, funga sumaku ndogo kwenye uzi na uipitishe polepole ukutani. Ikinata, kuna skrubu ya bodi hapo, na skrubu ya bodi imeingia kwenye nguzo. Weka alama, endelea juu na chini hadi upate mstari wa wima. Reli ndefu inakufaa tena hapa, kwani itafika nguzo mbili hadi nne hata kama hazipo katikati ya skrini yako.

Iwe juu kiasi gani?

Chini kuliko unavyofikiri. Kaa kwenye kiti chako, mtu apime kutoka sakafuni hadi jichoni. Kwa wengi ni sentimita 100 hadi 110. Jicho liangukie kwenye theluthi ya chini ya picha. Kwa picha ya kimo cha 125 na jicho la 105, ukingo wa chini wa picha unakuwa sentimita 63 hivi kutoka sakafuni. Ukiwa na safu mbili za viti itabidi upandishe, au uinue safu ya nyuma.

Nimeshatundika, lakini picha ni pana juu kuliko chini.

Usikimbilie kile kitufe cha kistoni. Kinanyoosha picha kwa kubana pikseli kidijitali, kwa hiyo unalipia kwa ukali wa picha. Chukua pima maji, uhakikishe skrini iko wima na projekta imelala sawasawa. Kisha pima kutoka kwenye lenzi hadi kona mbili za juu za skrini. Lenzi ikiwa katikati, umbali ulingane. Ukipishana, sogeza projekta au uizungushe kidogo. Kama ina gurudumu la kusogeza lenzi, hilo litumie upendavyo, halipunguzi pikseli hata moja. Kistoni kiwe suluhisho la mwisho, nukta moja au mbili tu.

Naweza kuficha spika nyuma ya skrini?

Kwa spandeksi au kitambaa kingine kinachopitisha hewa, ndiyo, na sauti kutoka kinywani mwa mwigizaji ina raha yake. Kitambaa kizito cha kuzuia mwanga kitaziba sauti nyembamba zote. Acha sentimita 20 au zaidi kati ya spika na kitambaa, na upake rangi nyeusi kila kinachoweza kung'aa nyuma. Vitambaa vingine hutoa michirizi inayocheza pale nyuzi zinapopishana na mistari ya pikseli. Kuzungusha kitambaa digrii 15 hivi kabla ya kukipigilia mara nyingi huiondoa.

Projekta yangu hukaa sentimita chache tu kutoka ukutani.

Hapo nakushauri usijitengenezee skrini ya kitambaa. Mwanga wake unapanda kwa mshazari mkali kiasi kwamba wimbi dogo ambalo projekta ya kawaida isingeliona hugeuka kuwa mkunjo mkubwa kwenye picha. Tumia ubao mgumu ulionyooka kabisa.

Filamu pana huacha mapengo meusi juu na chini. Nifanyeje?

Filamu ya 2.39:1 kwenye upana wa 221 hutumia kimo cha sentimita 92 au 93, hivyo linabaki pengo la 16 juu na chini. Kata vipande viwili vya ubao mwepesi, uvivishe mahameli na uvishike kwa sumaku kwenye fremu. Dakika moja kuviweka, dakika moja kuvitoa. Wageni wangu hudhani nimebadilisha projekta.

Baada ya miezi michache kitambaa kimelegea.

Ni kawaida. Mbao hunywa unyevu na kuuachia, kitambaa nacho hunyooka kwa mvuto wake. Shusha fremu, ng'oa pini za upande mmoja mrefu tu, vuta upya kuanzia katikati. Ni kazi ya nusu saa. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, na doa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukigusa bila kusugua. Alama ya mkono wa mtoto iliyoko chini kulia kwenye skrini yangu niliisugua, na sasa kila jangwa ninalolitazama lina wingu dogo linalong'aa pale pale.